Maswali ya Wasomaji: Kufungia Tokeni ili Kupata Kura, na Anayelipa ni Nani

Tangu tulipoandika kuhusu masoko ya sarafu za kidijitali yasiyo na ofisi wala meneja, tumepokea barua nyingi kutoka komini mbalimbali za Lubumbashi, na sehemu kubwa ya barua hizo inagusa jambo moja: mfumo wa kufungia tokeni, yaani sarafu za kidijitali zinazotolewa na soko lenyewe, kwa miezi au miaka ili kupata haki ya kupiga kura na kulipwa kila juma. Tumechagua barua nne. Tumezisahihisha kidogo kwa ajili ya nafasi, na majina ya waandishi tumeyaacha.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uchumi, ninaishi Katuba. Katika kikundi chetu cha WhatsApp, rafiki ametuambia kwamba mtu akinunua tokeni za CRV na kuzifungia miaka minne, atalipwa kila juma na tena atakuwa na kura. Sielewi kura hiyo ni ya nini, wala sielewi anayelipa ni nani. Naomba unieleze tangu mwanzo.*

Mdogo wangu, swali lako la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, lakini halijibiki kabla hatujaelewana kuhusu kura yenyewe.

Soko kama Curve, lenye hiyo tokeni ya CRV, ambalo Michael Egorov alilianzisha mwaka 2020 juu ya mtandao wa kompyuta uitwao Ethereum, halina mtu anayeketi kubadilisha pesa. Lina mabwawa ya ukwasi, yaani programu zinazotunza sarafu mbili au zaidi ambazo watu mbalimbali wameziweka humo kwa hiari yao. Anayetaka kubadilisha hutia sarafu moja bwawani na kutoa nyingine, kwa bei ambayo programu inaikokotoa yenyewe kutokana na wingi wa kila sarafu iliyobaki. Bwawa likiwa na pesa nyingi, mtu anaweza kubadilisha dola 100,000 na asipoteze karibu kitu. Likiwa na pesa chache, bei inamwendea vibaya na mara nyingine hatarudi tena. Kwa hiyo soko la namna hii linaishi kwa watu waliokubali kuziacha pesa zao bwawani, na watu hao hawakai bure.

Njia ya kwanza iliyobuniwa ya kuwavuta ilikuwa kuwagawia tokeni mpya za soko lenyewe. Katika mwaka 2020 kasoro ya njia hiyo ilionekana haraka sana: wenye mitaji mikubwa waliingia, wakavuna tokeni, wakaziuza siku hiyohiyo, kisha wakahamia kwingine palipotangazwa zawadi kubwa zaidi. Mwezi wa Septemba mwaka huo soko jipya la SushiSwap liliwavuta watu walioweka pesa zao katika soko jingine la Uniswap, kwa kuwaahidi tokeni zake tu, na sehemu kubwa ya ukwasi wa Uniswap, yaani pesa zilizokuwa katika mabwawa yake, ikahamishwa kwa mkupuo. Pesa iliyokuja kwa sababu ya zawadi iliondoka kwa sababu ya zawadi.

Curve ilipotoa tokeni yake ya CRV mwezi Agosti 2020 iliweka sharti. Aliye na CRV mkononi hana kura. Ili apate kura ni lazima azifungie ndani ya mkataba janja, yaani programu inayotekeleza masharti yenyewe, kwa muda anaouchagua mwenyewe, kuanzia juma moja hadi miaka minne, na badala yake anaandikiwa kiasi cha veCRV, yaani kipimo cha kura zake, ambacho hawezi kukiuza wala kumhamishia mtu mwingine. Ukifungia CRV 1,000 kwa miaka minne unapata veCRV 1,000. Ukizifungia kwa mwaka mmoja unapata 250 tu. Tena kiasi hicho hakikai palepale: kinapungua kila siku kadiri tarehe ya kufunguliwa inavyokaribia, hata yule wa miaka minne, baada ya miaka miwili, anabaki na 500. Atakaye nguvu yake isipungue hana budi kuusogeza mbele muda wa kufungia mara kwa mara. Hapo ndipo ninapouona ustadi wa aliyebuni mfumo huu, maana sauti kubwa zaidi anapewa yule atakayekaa na matokeo ya uamuzi wake kwa muda mrefu zaidi.

Na kura ni ya nini? Kila juma Curve hutoa kiasi fulani cha CRV mpya, na kiasi hicho hupungua kwa karibu asilimia 16 kila mwaka. Swali ni bwawa lipi lipate kiasi gani. Wenye veCRV hugawa kura zao kwa mabwawa wanayoyataka, na bwawa lililopata asilimia 5 ya kura zote hupata asilimia 5 ya CRV zitakazotolewa katika juma linalofuata, ambazo zinakwenda kwa wale walioweka pesa katika bwawa hilo. Hakuna kamati inayokaa kupanga. Kura zinahesabiwa na programu, na juma jipya linaanza kila usiku wa kuamkia Alhamisi, saa sita kwa saa za Greenwich, yaani saa nane usiku kwetu Lubumbashi.

Sasa anayelipa. Mwenye veCRV ana vyanzo vitatu vya mapato, na nakuomba usivichanganye kamwe, hata kama rafiki yako amekutumia jumla moja tu ya asilimia kwa mwaka. Chanzo cha kwanza ni ada za wanaobadilisha sarafu. Kwa muda mrefu mabwawa mengi ya Curve yalitoza asilimia 0.04: katika mabadilishano ya dola 10,000 ada ni dola 4, ambapo dola 2 zinabaki kwa waweka pesa bwawani na dola 2 zinakwenda kwa wenye veCRV wote. Hiyo ni pesa ya mteja aliyehudumiwa. Chanzo cha pili ni nyongeza kwa yule ambaye, pamoja na kufungia CRV, ameweka pia pesa bwawani: sehemu yake ya CRV mpya inaweza kukuzwa hadi mara 2.5. Chanzo cha tatu ni malipo yanayotolewa na miradi inayozitafuta kura, ambayo msomaji wa Kamalondo ameyauliza hapa chini.

Kuhusu ile nyongeza, watu wengi hudhani ni zawadi juu ya zawadi, wakati ukweli ni kwamba asiye na veCRV hukatwa. Programu inahesabu asilimia 40 tu ya pesa uliyoweka, kisha inakuongezea kulingana na sehemu yako ya veCRV zote zilizopo, bila kuvuka pesa yako halisi. Tuseme umeweka dola 1,000 katika bwawa lenye dola 1,000,000. Bila veCRV unahesabiwa kama mwenye dola 400. Ukiwa na asilimia 0.05 ya veCRV zote, unahesabiwa kama mwenye dola 700. Utahesabiwa dola zako zote 1,000 pale tu sehemu yako ya veCRV itakapolingana na sehemu yako ya bwawa, yaani asilimia 0.1, na asilimia 0.1 ya veCRV zote ni mali nyingi mno kwa mtu wa dola 1,000. Kwa mwanafunzi, basi, hiyo mara 2.5 iliyoandikwa kwenye matangazo ipo kwenye karatasi tu.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama, ninauza vitenge katika soko la komini ya Kenya. Kijana wangu anataka nimpe dola 500 za likelemba (upatu) yangu azifungie huko kwenye kripto. Ananiambia, "Mama, hii nayo ni likelemba, tofauti ni kwamba iko kwenye simu." Je, ni kweli?*

Hapana, Mama, na ninakushukuru kwa kuuliza kabla ya kutoa pesa.

Katika likelemba unawajua wenzako, kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na zamu yako ikifika unapokea fungu ambalo ukubwa wake ulijulikana tangu siku ya kwanza. Kama uliweka dola, unapokea dola. Huku kwingine kijana wako hafungii dola zako. Kwanza anazibadilisha kuwa tokeni, na siku ya kufunguliwa anarudishiwa idadi ileile ya tokeni, kwa bei yoyote itakayokuwepo siku hiyo. Tofauti hiyo imewaumiza watu wengi kuliko wizi wowote. Mwezi wa Januari 2022 CRV moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 6. Mwezi wa Agosti 2024 ilikuwa chini ya senti 30. Aliyefungia CRV 1,000 kwa miaka minne mwanzoni mwa 2022 alizitazama dola zaidi ya 6,000 zikiporomoka na kuwa chini ya 300, na katika muda huo wote hakuruhusiwa kuuza hata moja. Ada alizolipwa kila juma hazikuweza kuziba pengo kama hilo.

Kuna na jambo la gharama. Kila hatua kwenye Ethereum, kufungia, kupiga kura, kuchukua mapato, hulipiwa ada ya mtandao, na ada hiyo haitazami kama wewe ni tajiri au mnyonge. Katika mwaka 2021 kulikuwa na siku nyingi ambapo muamala mmoja tu uligharimu makumi ya dola. Siku hizi ni nafuu zaidi, lakini mwenye dola 500 bado anaweza kuiona sehemu nzuri ya mapato yake ikiishia njiani.

Mama, pesa ya likelemba ina kazi yake: ni ya bidhaa, ni ya masomo ya watoto, ni ya ugonjwa unaoingia bila hodi. Pesa ambayo unaweza kuihitaji kabla ya miaka minne haifai kufungiwa miaka minne, na katika hilo sina la kubadilisha hata bei ya tokeni ikipanda. Na ikiwa kijana wako anataka kumkabidhi mtu fulani wa mjini pesa hizo "azifungie kwa niaba yenu", mkataze kabisa. Mkataba janja hauna wakala. Anayefungia hufanya hivyo kwa pochi yake mwenyewe ya kidijitali, na yale maneno ya siri ya pochi hayaonyeshwi kwa mtu yeyote, awe jirani, awe mwalimu wa mafunzo ya kripto, awe anayejiita mtoa huduma.

*Bwana Mhariri, mimi ni mhasibu, Kamalondo. Nimesoma kwamba kuna miradi inayowalipa watu waziwazi ili wapige kura kwa faida ya miradi hiyo, na malipo hayo yanaitwa hongo bila aibu. Katika kazi yangu jambo hilo lingempeleka mtu mahakamani. Hapa linaruhusiwaje, na mradi unafaidika nini?*

Ndugu yangu, linaruhusiwa kwa sababu hakuna kanuni ndani ya mkataba inayolikataza, na kwa sababu anayepiga kura hajaapa kumtumikia mtu. Kura ni mali yake kama tokeni zilivyo mali yake. Faida ya mradi utaielewa vizuri kwa hesabu, na kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu nitaiweka jinsi ilivyo, kwa tarakimu za kubuni.

Tuseme CRV zitakazotolewa juma hili zina thamani ya dola 1,000,000. Asilimia 1 ya kura inaelekeza dola 10,000 za zawadi kwenye bwawa moja. Mradi wenye sarafu yake, ambao unataka bwawa la sarafu hiyo liwe na pesa nyingi ili watu waiamini, ungeweza kuwalipa waweka pesa dola 10,000 kutoka mfukoni mwake. Lakini ukiwalipa wenye kura dola 8,000 wakupigie hiyo asilimia 1, waweka pesa wako watapata zawadi ileile ya dola 10,000, na wewe umebakiza 2,000. Mpiga kura amefurahi, mradi umefurahi, mweka pesa amefurahi. Wewe mhasibu utauliza mara moja: zile dola 10,000 zimeandikwa kwenye hesabu ya nani? Zimeandikwa kwa kila mwenye CRV, maana CRV mpya zimetolewa na nyingi zitauzwa, na bei inabeba mzigo. Bei ikishuka, dola 1,000,000 za juma zinakuwa 600,000, hongo nayo inashuka, na sababu ya kufungia inapungua kwa watu wengine. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiungo dhaifu cha mfumo wote, na wanaouza mafunzo yake hawakigusi kabisa.

Kwa kuwa kura zina bei, walijitokeza wa kuzikusanya. Convex Finance ilianza mwezi Mei 2021 na kuwaambia wenye CRV: tupeni tokeni zenu tuzifungie milele, nasi tutawapa tokeni yetu ya cvxCRV mnayoweza kuiuza sokoni mkitaka, pamoja na nyongeza ambayo peke yenu hamwezi kuifikia. Watu wakakubali kwa wingi, hata Convex ikafika kushika karibu nusu ya veCRV zote. Tokeni yake yenyewe, CVX, hufungiwa kwa majuma 16, na mwenye kuifungia anaelekeza jinsi kura hizo zitakavyopigwa. Tangu hapo miradi iliyotaka kura ilianza kuwatafuta wenye CVX, na soko la Votium likawa mahali pa kulipia kura hizo kila baada ya majuma mawili. Nakiri kwamba sipendezwi na hali hiyo. Mfumo uliokusudiwa kumpa sauti anayekaa miaka minne umemrudishia sauti anayekaa majuma 16 na kuuza kwa anayetoa zaidi.

Mwezi wa Novemba 2021 ilionekana jinsi jambo hili linavyoweza kwenda mbali. Mradi wa Mochi ulitengeneza sarafu ya USDM, iliyokusudiwa kuwa na thamani ya dola moja, kwa dhamana ya tokeni zake wenyewe, ukaibadilisha sehemu kubwa ya sarafu hiyo kupitia bwawa la Curve, na kwa pesa iliyopatikana ukanunua CVX nyingi ili kuvuta kura kuelekea bwawa lilelile. Kundi la dharura la Curve lililazimika kuzikata zawadi za bwawa hilo. Waliokuwa wameweka pesa zao humo wakabaki wameshika USDM ambazo hazikuwa tena na thamani ya dola. Wingi wa kura, kwa hiyo, haukuthibitisha lolote kuhusu uzima wa sarafu iliyokuwa bwawani, na mweka pesa anayefuata zawadi kubwa bila kutazama sarafu yenyewe imeshikiliwa na nini anajibebesha hatari ambayo mpiga kura ameshalipwa na kuondoka.

*Ndugu, mimi ni dereva wa malori, njia yangu ni Kasumbalesa, nyumbani ni Ruashi. Nimeambiwa kwamba Aerodrome ni tofauti na Curve na kwamba inalipa vizuri zaidi. Tofauti iko wapi? Na nikibanwa na shida, je, ninaweza kutoa tokeni zangu kabla ya muda?*

Ndugu dereva, tofauti ipo, nayo ni ya maana. Mwanzo wake ni Solidly, soko lililobuniwa na Andre Cronje kwenye mtandao wa Fantom na kuanza Februari 2022. Lenyewe halikudumu, na Cronje alitangazwa kuachana na kazi hiyo mwezi uliofuata, lakini wazo lake lilichukuliwa na Velodrome kwenye mtandao wa Optimism mwaka huohuo, kisha Aerodrome kwenye mtandao wa Base mwezi Agosti 2023.

Katika Curve mpiga kura hupata fungu la ada za soko zima, bwawa lolote alilolipigia. Katika Aerodrome hupata ada za lile bwawa alilolipigia tu, na ada hizo zote hugawanywa kwa waliolipigia. Aliyeweka pesa bwawani na kuisajili ili apate zawadi hulipwa kwa tokeni mpya za AERO peke yake. Hivyo mpiga kura ana sababu ya kulitafuta bwawa lenye wateja wengi, maana akilipigia bwawa tupu hapati ada, na tokeni mpya zinaelekea pale zinapozalisha kazi. Hili nalipenda, na naona linarekebisha sehemu ya kasoro niliyomweleza mhasibu. Halikuondoa hongo, kwa kuwa miradi bado inaweza kuongeza malipo kwa wanaoyapigia kura mabwawa yake. Ada za mtandao wa Base nazo ni ndogo sana zikilinganishwa na za Ethereum, jambo ambalo mtu wa kipato cha kawaida atalihisi.

Kuhusu "inalipa vizuri zaidi", tenga mambo mawili. Kama wewe ni mpiga kura, uliza ada za bwawa zilikuwa kiasi gani kwa majuma kadhaa mfululizo, si juma moja lililopendeza. Kama wewe ni mweka pesa, unalipwa kwa AERO, na kipato chako kinapanda na kushuka na bei ya AERO; ile asilimia inayoonyeshwa leo imekokotolewa kwa bei ya leo.

Sasa kutoka kabla ya muda. Katika Curve haiwezekani: hakuna kitufe cha kutolea, hakuna faini ya kulipa ili uachiliwe, na hakuna ofisi ya kupeleka cheti cha hospitali. Katika Aerodrome tokeni zilizofungiwa zinaandikwa ndani ya hati ya kidijitali ambayo inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine, lakini mnunuzi anajua kwamba hawezi kuzigusa mpaka muda uishe, kwa hiyo hutaka apunguziwe, na kadiri muda uliobaki unavyokuwa mrefu ndivyo punguzo linavyokuwa kubwa. Imewahi kutokea soko lenyewe likaamua kufungua milango: mwezi Aprili 2025 soko la PancakeSwap liliuvunja mfumo wake wa kufungia tokeni, uitwao veCAKE, ambao ulianza mwishoni mwa 2023, na kuwaruhusu wenye tokeni kuzitoa. Huo ulikuwa uamuzi wa soko, na mtu hawezi kuuwekea mipango ya nyumba yake.

Ukiamua kuingia licha ya hayo, anza na muda mfupi. Kufungia kwa miezi mitatu kunakupa kura chache, lakini muda unaweza kurefushwa wakati wowote, ilhali kufupishwa hauwezi. Mfumo wa Curve huirudisha nyuma tarehe unayoichagua hadi Alhamisi iliyo karibu, hivyo usishangae ukiona siku tofauti kidogo na uliyoandika. Na tarehe ikifika tokeni hazirudi zenyewe mkononi: ni wewe unayeingia kuzitoa, na muamala huo unalipiwa ada ya mtandao kama mwingine wowote, kwa hiyo bakiza Ether (sarafu ya Ethereum inayolipia ada hiyo) kidogo ndani ya pochi hiyohiyo.